Ganzi ya Miguu si Uchawi: Hotuba kwa Wakimbizi Waishio Kigali



Wengi wetu hapa Kigali tunalalamika kwamba vidole vinakufa ganzi na nyayo zinachomachoma kama zimekanyaga siafu. Majirani hunong'ona: karogwa huyo. Hapana.

Mishipa ya fahamu inahitaji vitamini. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 nchini Malawi waliugua pelagra karanga zilipokosekana katika posho, wakabaki na mahindi. Pelagra hubabua ngozi, na mishipa ya fahamu haiiachi. Pombe nayo (wenyewe mnajijua) hunyima mwili vitamini. Na mwenye kiu isiyoisha, anayekojoa kila mara, akapimwe sukari.

Lakini linalonihangaisha ni vidonge vya kifua kikuu. Ndani yake mna isoniazidi, ambayo hupunguza vitamini B6 mwilini. Ndipo nyayo huwaka moto. Mgonjwa anaogopa, anaacha dawa kimyakimya, kifua kinarudi, watoto chumbani wanaambukizwa. Ndugu yangu, usiache! Mwambie mwuguzi. Atakupa piridoksini, kidonge cha bei ndogo, nawe uendelee na tiba mpaka mwisho.

Ukiona baka kwenye ngozi lisilosikia mguso, nenda kituo cha afya. Huenda ni ukoma, na dawa zake ni za bure.

Ganzi ikikushika ghafla upande mmoja, mdomo ukapinda, usingoje kuche. Hospitali, saa ileile.