Muuaji wa Kisimani



Mchezo uitwao Kifo Kisimani, alioutunga Kithaka wa Mberia na kupigwa chapa mwaka 2001, ulisomwa na wanafunzi wa sekondari wa Kenya nzima, na vikundi vya waigizaji vikauonyesha shule hata shule. Nchi ya Butangi yatawaliwa na Mtemi Bokono. Mwelusi ampinga, naye auawa kisimani. Muuaji si askari, bali ni Gege, nduguye mwenyewe, aliyeahidiwa binti wa Mtemi.

Aghalabu makofi hupigiwa Mwelusi, maana shujaa hupendwa hata akiigizwa vibaya. Walakini kazi ngumu ni ya Gege. Mwigizaji akimfanya shetani wa macho makali na sauti ya kunguruma, watazamaji hucheka wakaenda zao: ni nani aliye na ndugu wa namna ile? Lakini akimfanya kijana wa kawaida, mwenye haya, atakaye kuoa tu, ukumbi mzima hunyamaza. Nanyi mliopanga mitungi visimani mwajua jinsi mtu ainamavyo kuteka maji, akimpa mgongo aliye nyuma yake.