Kujikubali Kabla ya Kukubaliwa: Matumaini ya Watu Transijenda Wakati wa Dhiki

Mada kwa warsha ya wauguzi, washauri nasaha na wazazi, Nairobi



1. Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie matumaini na kujikubali miongoni mwetu watu transijenda, yaani watu ambao jinsia wanayoijua nafsini mwao si ile waliyoandikiwa walipozaliwa. Nazungumza kama mwanamume transijenda na kama mshauri rika. Hoja yangu ni moja: kujikubali hakungoji ruhusa ya mtu yeyote, lakini matumaini hayajengwi na mtu mmoja. Kujikubali ni kazi ya nafsi. Matumaini ni kazi ya sote tuliomo ukumbini humu. Anayemhimiza mpweke ajipende, kisha akamwacha na upweke wake, hajamsaidia.

2. Hali ilivyo

Hatukutani katika wakati mwepesi. Mwezi wa Mei 2023 Rais wa Uganda alitia saini Sheria dhidi ya Ushoga, na baadhi ya wenzetu wa huko wakalazimika kuvuka mpaka kuja Kenya. Mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Baadhi ya vituo vya afya vilivyokuwa vikitupokea kwa staha vikafungwa, au vikabaki na wahudumu wachache. Aliyekuwa akipata huko dawa za ARV na ushauri alijikuta akianza upya kujieleza mbele ya watu asiowajua.

Lakini dhiki nyingi hazitangazwi redioni. Nenda kwa wakala wa M-Pesa ukatoe pesa. Unampa kitambulisho. Anasoma jina, anakutazama usoni, anasoma tena, kisha anamwita mwenzake naye aje atazame. Foleni nyuma yako inanyamaza, halafu mtu anacheka. Pesa ni zako na namba ya siri ni yako, lakini unachukua kitambulisho chako na kuondoka mikono mitupu. Hospitalini ni vivyo hivyo. Jina la zamani linaitwa kwa sauti mbele ya benchi zima, na mgonjwa anatulia kana kwamba si yeye, mpaka zamu inampita. Mambo haya yakirudiwa wiki baada ya wiki, humzoesha mtu kujificha, na mwisho hujificha hata kwa nafsi yake.

3. Kujikubali

Kujikubali si kushinda umefurahi, wala si lazima kujitangaza. Wapo waliojikubali kabisa na hawajamwambia mtu nyumbani, kwa kuwa wanajua wakisema leo, usiku watalala nje. Kunyamaza kwa ajili ya usalama si aibu, na asiwepo mshauri wa kumsukuma mtu aseme kabla hajawa na pa kwenda. Kujikubali ni kuacha kujishtaki.

Wengi wetu tulilelewa na mashtaka: mapepo, kuiga mambo ya kigeni, wazimu. Kuhusu hili la wazimu, Mei 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Toleo hilo liliitoa hali yetu katika sura ya maradhi ya akili na kuiweka katika sura ya afya ya kijinsia. Basi, washauri nasaha, msianze kikao kwa kutafuta nani alimharibu mtoto. Anzeni kwa kumuuliza analala wapi, anakula nini, na nani anayemwita kwa jina analolipenda.

Kujikubali ni pamoja na kuutunza mwili. Vijana wengi hujifunga kifua kwa bendeji kwa sababu hawana kingine. Bendeji hukaza kadiri mtu anavyotembea na kupumua, hubana mbavu, na anayelala nayo hujitia hatarini. Wengine hununua homoni mitaani na kuzitumia bila kupimwa damu. Muuguzi akimkaripia kijana wa namna hiyo, hatarudi tena. Akimweleza kwa upole hatari iliyopo na kumpangia vipimo, huenda amemwokoa.

Wapo pia wanaofika mahali pa kutaka kuukatiza uhai wao. Nalisema wazi kwa sababu kulifunika hakumsaidii mtu. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, ni kinyume cha Katiba. Anayeyapitia hayo ana haki ya kutibiwa na kusikilizwa. Simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, hupokewa na washauri. Iandikeni, muwape wengine.

4. Matumaini yanayoshikika

Mtu aliyekata tamaa hainuliwi na maneno matamu. Huinuliwa na ushahidi kwamba kesho ina nafasi yake, na ushahidi huo tunao.

Audrey Mbugua, mwanamke transijenda, alifanya mtihani wa kumaliza sekondari (KCSE) mwaka 2001 akiwa na jina la kiume, akapata alama ya A-. Alipobadilisha jina, cheti chake kikageuka kizuizi, kwa kuwa jina lililoandikwa humo halikuwa tena lake. Alikwenda mahakamani, na tarehe 7 Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliliamuru Baraza la Mitihani limpe cheti kipya chenye jina lake, bila alama ya jinsia. Jaji alieleza kwamba kuiondoa alama hiyo hakukipunguzii cheti thamani, maana cheti hutolewa kwa matokeo ya mtihani.

Mwaka 2013, Mahakama Kuu iliamuru mwenzetu aliyevuliwa nguo na polisi huko Thika alipwe fidia ya shilingi 200,000. Mwezi wa Agosti 2025, Mahakama Kuu ya Eldoret ilimpa fidia mwanamke transijenda aliyedhulumiwa akiwa kizuizini, na kuitaka serikali ishughulikie sheria ya kutulinda. Kifungu cha 28 cha Katiba, kinacholinda utu wa kila mtu, hakikumtenga yeyote.

Kesi kama hizo huhitaji watu nyuma ya mlalamikaji: wakili, rafiki wa nauli, jamaa wa kumlaza usiku wa kuamkia hukumu. Nakifahamu chama kimoja cha marafiki ambacho zamu ya mtu ikifika, mchango hulipia hati ya kisheria ya kubadilisha jina. Nilikuwapo siku mmoja wao alipolifungua Gazeti Rasmi la Serikali kutafuta tangazo la jina lake jipya. Aliushusha ukurasa kwa kidole, mstari kwa mstari, akalifikia jina lake, akalisoma kwa sauti. Wenzake wakaitika kwa pamoja, kama darasa linapoitwa majina. Hilo ndilo ninaloliita tumaini linaloshikika.

5. Mapendekezo

Wauguzi: muulizeni mgonjwa angependa aitweje, na mahali pa kuita watu kwa sauti tumieni namba au jina la ukoo.

Washauri nasaha: undeni vikundi vidogo vya kukutana ana kwa ana. Fedha za wafadhili zikikatika, kikundi kinaweza kuendelea sebuleni kwa mtu.

Wenzangu: wekeni nakala za vyeti na hati zenu kwa mtu mnayemwamini, na kila mmoja awe na mtu mmoja wa kumpigia simu usiku wa manane bila kuomba radhi.

Wazazi: si lazima muelewe kila kitu ndipo mpende. Namjua mama ambaye jina jipya la mwanawe lilimshinda kutamka kwa muda mrefu, lakini hakuna jioni aliyoacha kumwekea chakula chake na kukifunika. Kijana huyo yu hai, na mwenyewe husema ni kwa sababu ya chakula kile.

6. Hitimisho

Sheria zitabadilika polepole, na wafadhili watakuja na kuondoka. Lililo mikononi mwetu leo ni kuhakikisha kwamba hakuna anayejikubali akabaki peke yake. Mzazi uliye hapa, ikiwa umemfukuza mtoto kwa sababu hii, mpigie simu leo kabla hujalala. Usianze na mabishano wala mahubiri. Muulize kama amekula, kisha mwambie arudi nyumbani.