Nafasi Inayopotea Baada ya Kupanga Diski: Tuitafute Wapi Kabla ya Kufuta Chochote

Mada kwa semina ya makarani wa shule na wahudumu wa saiba, Ngaremara, Kaunti ya Isiolo



Nitaanza na mashine moja. Ni kompyuta ya mezani ya shule ya msingi, diski ya gigabaiti 80, mfumo wa Windows 7. Ililetwa kwangu Isiolo mjini ndani ya matatu, imefunikwa leso kuzuia vumbi, na karani aliyeileta hakutaka hata kuketi. Akaniambia, "Fundi, hii mashine inakula nafasi. Niliisafisha, ndipo ikazidi kula."

Alikuwa amefanya jambo ambalo wengi wetu tumelifanya. Kompyuta ilikuwa nzito, kufungua barua moja unasubiri mpaka chai inapoa. Kijana mmoja akamwekea programu ya kupanga diski kutoka kwenye flashi yake, ile kazi tunayoiita kudifragi. Jioni akaiwasha, akafunga ofisi. Alipoondoka diski ilikuwa na gigabaiti 11 tupu. Asubuhi akakuta 4. Akadhani kazi haikuisha vizuri, akairudia. Ikabaki 2.

Wiki hiyo alikuwa akiingiza wanafunzi kwenye NEMIS, mfumo wa serikali wa taarifa za elimu. Mnajua ule mfumo, tangu ulipoanza mwaka wa 2017, ulivyokuwa ukidai namba ya cheti cha kuzaliwa. Nafasi ikawa haitoshi, akatafuta folda kubwa ya kufuta. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya vyeti vya kuzaliwa alivyoviskani, picha nzito nzito, kila kimoja ukurasa mzima wa rangi. Akaifuta, na pipa la taka akalimwaga. Siku mbili baadaye akakumbuka kwamba vyeti vyenyewe havikuwa kabatini. Vilikuwa vimerudishwa kwa wazazi, na baadhi ya wazazi hao walikuwa wameshahama na mifugo.

Hapo ndipo aliponijia. Alichotaka nimrudishie ni nafasi. Habari ya vyeti alinieleza mwisho, kwa sauti ya chini, mkono ukiwa tayari kwenye mlango.

Sasa tuulize: inakuwaje kupanga diski kunakula nafasi? Kupanga hakuongezi faili hata moja. Faili zile zile, ukubwa ule ule, zimesogezwa tu.

Diski ya kuzunguka, ile yenye sahani na sindano ndani, huhifadhi faili katika vyumba vidogo. Kwenye Windows, chumba kimoja kwa kawaida ni kilobaiti 4. Faili ikikosa vyumba vilivyofuatana, hukatwa vipande na kuwekwa popote penye upenyo. Kwenye diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua kama milisekunde 8, na sindano nayo inahitaji muda kusogea kutoka mstari hadi mstari. Faili iliyokatwa vipande 300 inaweza kuongeza sekunde tatu au nne za kungoja kabla hata hujaona herufi ya kwanza. Kupanga diski ni kukusanya vipande hivyo vikae pamoja. Kazi hii ni ya zamani: MS-DOS 6 ya mwaka wa 1993 ilikuja na programu yake, na waliotumia Windows 98 watakumbuka vile viboksi vya rangi vilivyokuwa vikihama polepole kwenye kioo. Windows 7 yenyewe imepangiwa kuifanya kila Jumatano saa saba usiku, saa ambayo mashine zetu zote zimezimwa.

Mpaka hapo hakuna kilicholiwa. Mlaji ni mwingine, naye ana kazi ya heshima kabisa.

Ndani ya Windows kuna huduma inayotunza nakala kivuli. Kazi yake ni kuhakikisha diski inaweza kuonyeshwa kama ilivyokuwa siku fulani, ili mfumo ukiharibika urudishwe nyuma. Wengi mmewahi kuitumia bila kujua, mlipochagua kurejesha kompyuta hadi tarehe ya wiki iliyopita. Nakala hiyo haichukui diski nzima, maana isingewezekana. Badala yake inakaa macho. Kila sehemu ya diski inapotaka kuandikwa upya, kwanza huduma hiyo inachukua kilichokuwa pale na kukiweka pembeni.

Fikirini stoo ya chakula cha msaada, kama zile tulizoziona hapa wakati mvua ilipokataa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Mtunza stoo ameambiwa: "Hali ya stoo ya Jumatatu asubuhi nataka niweze kuiona siku yoyote. Chochote kikibadilika mahali popote, andika kadi ya kilichokuwa pale." Jumanne vijana wanakuja kupanga magunia. Mahindi upande huu, maharagwe upande ule. Hakuna gunia lililoingia wala kutoka, lakini kila sehemu iliyowekwa kitu kingine imeandikiwa kadi. Jioni stoo ni nadhifu na chumba cha nyuma kimejaa kadi. Kwenye diski mambo ni mazito zaidi, kwa sababu kadi ina ukubwa sawa na gunia lenyewe. Kilichohifadhiwa ni data yenyewe iliyokuwa pale, yote.

Kuna hesabu moja hapa ambayo fundi lazima aijue. Nakala kivuli huhesabu diski kwa mafungu ya kilobaiti 16, na vyumba vyetu ni vya kilobaiti 4. Fungu moja lina vyumba vinne. Programu ikisogeza kipande cha kilobaiti 4, mtunzaji hawezi kutofautisha kuhamisha na kubadilisha, naye anaweza kuweka pembeni fungu zima la kilobaiti 16. Vyumba vikiwa vya kilobaiti 16 au zaidi anaweza kutambua kwamba faili imehamishwa tu, basi halimbikizi. Ila ukubwa wa vyumba huchaguliwa diski inapofomatiwa, na ukizidi kilobaiti 4 unakosa ule uwezo wa Windows wa kubana faili. Mtu mwenye barua ndogo ndogo elfu kadhaa naye atapoteza nafasi kwa njia nyingine, maana barua ya kilobaiti 2 itachukua chumba kizima. Mimi sishauri mtu afomati mashine ya ofisi kwa sababu hiyo.

Na kwa nini karani hakuona nafasi ilikoenda? Alijumlisha folda zote, moja baada ya nyingine, kwa kalamu kwenye jalada la daftari. Jumla yake haikufika kile kilichoandikwa kuwa kimetumika. Alikuwa sahihi. Nakala kivuli hukaa kwenye folda ya mfumo iliyofichwa, tena imefungwa hata kwa mwenye ruhusa ya juu kabisa. Haionekani katika orodha ya kawaida, kwa hiyo haiwezi kuingia kwenye jumla yako.

Kuna amri ya kuifichua. Fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, uandike vssadmin list shadowstorage, kisha ubonyeze kitufe cha kuingiza. Zitatokea tarakimu tatu: nafasi iliyotumika na nakala, nafasi iliyotengwa, na kikomo kisichoweza kupitwa. Kwenye mashine ile, nafasi iliyotumika ilikuwa imezidi gigabaiti 10. Kikomo kilikuwa kimewekwa juu mno kwa diski ndogo kama ile. Aliyeiandaa kabla haijafika shuleni alikuwa amevuta kile kidude cha kurekebishia nafasi mpaka mbali. Nilimwonyesha karani kwenye kioo. Akasoma tarakimu, akasoma tena, akasema, "Kumbe ipo."

Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo mafundi tunapoharibu. Dawa inayojulikana na kila mtu ni kufuta nakala kivuli zote au kushusha kikomo. Nafasi inarudi papo hapo, mteja anafurahi, unalipwa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuandika amri hiyo. Kilichonizuia ni lile neno lake la mwisho kuhusu vyeti.

Nakala ile iliyokula nafasi ilikuwa ya siku sita kabla diski haijapangwa. Maana yake ilikuwa inaikumbuka diski wakati folda ya vyeti ipo. Kwenye Windows 7 unabofya kulia folda ya juu, ile iliyokuwa imebeba folda iliyofutwa, unafungua sifa zake, unachagua ukurasa wa matoleo ya awali. Pakatokea tarehe moja tu, ya hizo siku sita. Zilizotangulia zilikuwa zimekwisha kutupwa, maana nafasi ya nakala ikijaa, ya zamani ndiyo huondoshwa kwanza. Nikafungua hiyo moja. Folda ikawa pale, na ndani yake vyeti 212.

Sikuvirudisha kwenye diski ile ile. Nilivinakili moja kwa moja kwenye flashi. Kila kitu unachoandika kwenye diski yenyewe kinamlazimu mtunzaji kuweka pembeni mafungu mengine, na ukimbana sana anaitupa ile nakala ya pekee unayoichota. Vilipofika vyote kwenye flashi, nikachomoa, nikafungua vichache kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha vinasomeka. Baada ya hapo tu ndipo nikashusha kikomo hadi gigabaiti 4, na nafasi ikarudi.

Kwa hiyo mtu akikuletea malalamiko haya, muulize kwanza kama amefuta kitu tangu nafasi ilipopungua. Usiguse kitu kabla hajakujibu. Na ukiona ana haraka, muulize mara ya pili.

Kuhusu kuzuia lisitokee: angalia kikomo kabla ya kupanga diski, na kama programu yako ina kisanduku cha kuzingatia nakala kivuli, kiteue. Baadhi ya programu hizi zinacho, nyingine hazina, na zile zinazozunguka kwenye flashi za vijana mara nyingi hakuna anayejua zimesetiwa vipi. Nami naona ile ya Windows yenyewe inatosha kabisa kwa kazi ya ofisi. Diski ikiwa imejaa sana usiipange kwanza. Programu ya Windows XP ilikuwa ikitaka walau asilimia 15 iwe tupu, na kipimo hicho bado ni kizuri. Hamisha kwanza video na picha kwenda diski ya nje.

Si kila nafasi iliyopungua imekwenda kwenye kivuli. Faili ya kulazia mashine hukaribia ukubwa wa kumbukumbu yake ya kazi, na masasisho ya mfumo huacha mabaki yake. Pia kuna wale wanaonunua diski iliyoandikwa gigabaiti 500, wakaona 465 kwenye kioo, wakadhani duka limewaibia. Hawajaibiwa. Mtengenezaji anahesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni moja, Windows inahesabu 1,073,741,824. Diski ya 80 ile ile inaonyesha 74 na nusu.

Diski mpya zisizo na sahani, SSD, hazina sindano ya kusogea, basi hakuna faida ya kuzipanga kwa mtindo wa zamani. Unazichosha bure, kwa kuwa kila eneo lake lina idadi ya mara linazoweza kuandikwa. Tangu Windows 8 ya mwaka wa 2012 kazi hiyo imebadilishwa jina kuwa uboreshaji, na kwa diski hizi mfumo kwa kawaida huiambia diski ni maeneo gani hayatumiki tena. Iacheni ifanye hivyo.

Jambo moja linanitia wasiwasi kuhusu mashine mpya zinazoingia shuleni. Kwenye Windows 10 ulinzi huu wa mfumo, ule unaotunza nakala kivuli, mara nyingi hukutwa umezimwa tangu mwanzo. Hiyo mashine haitakula nafasi ukiipanga, ni kweli. Lakini karani mwingine akifuta folda ya vyeti na kumwaga pipa, hakutakuwa na tarehe yoyote ya kubofya. Kabla hatujatoka leo, kila mmoja afungue mashine aliyokuja nayo aone kama ulinzi umewashwa na kikomo ni kiasi gani. Nitapita meza kwa meza.

Vyeti vya shule ile vilikuwa 226. Nimewaambia nilipata 212. Vile 14 viliskaniwa baada ya nakala kuchukuliwa, na hakuna amri ninayoijua ya kuvirudisha. Karani aliandika majina 14 kwenye karatasi, akaanza kutuma ujumbe kwa wazazi, wengine kupitia kwa watu wa bodaboda, wengine kupitia kwa watoto wenyewe. Ilichukua karibu muhula mzima. Cha mwisho kililetwa na nyanya aliyetoka upande wa Gotu, amekikunja mara nne na kukifunga kwenye pindo la shuka lake. Karani alikinyoosha juu ya meza kwa kiganja, akakiskani mara mbili, moja kwenye mashine na ya pili kwenye flashi inayokaa kwa mwalimu mkuu, akamrudishia nyanya karatasi yake.