Mtazamaji wa Makueni na Senema za Nchi Yake



Mazungumzo haya ni juu ya maoni ya mtu mmoja wa Makueni ambaye si mjuzi wa senema, wala hajapata kuandika habari zake katika gazeti lolote. Ni mwenye duka mjini Wote, na shamba lake liko ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui. Wakati wa kiangazi, biashara inapolegea, hupenda kutazama senema jioni pamoja na mkewe na wajukuu wake. Katika miezi michache alitazama nne, zote zikiwahusu Wakenya au zimetengenezwa na Wakenya, na aliyoyasema juu yake yafaa kusikiwa, hata na wale ambao hawatakubaliana naye.

Yafaa ikumbukwe kwamba zamani watu wa nchi hizi hawakuulizwa sana maoni yao juu ya senema. Kati ya mwaka wa 1935 na 1937 lilifanywa jaribio moja, makao yake yakiwa Vugiri katika Tanganyika, la kutengeneza picha za kuwafundisha Waafrika. Zilikuwa picha fupi juu ya malaria ya watoto, safura, akiba ya posta na mambo mengine ya namna hiyo, nazo zilichukuliwa kwa lori zikaonyeshwa Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Kisha mwaka wa 1939 Uingereza ilianzisha idara ya senema kwa ajili ya makoloni, nayo ikadumu hadi mwaka wa 1955. Mkuu wake, William Sellers, aliamini kwamba mtu asiyezoea senema hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi, basi kila jambo lionyeshwe polepole na kwa urahisi.

Kiko kisa kimoja cha zama hizo ambacho Marshall McLuhan alikitia katika kitabu chake cha mwaka wa 1962. Wanakijiji wa Kiafrika walionyeshwa picha ya dakika chache juu ya kuondoa maji yaliyotuama karibu na nyumba. Walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Waonyeshaji walistaajabu, kwa kuwa wao hawakujua kama mna kuku katika picha yao. Walipoikagua tena wakamwona kweli, amepita pembeni kwa nukta moja tu.

Wataalamu walikitumia kisa hicho kuthibitisha kwamba watu wale hawajui kutazama. Mwenye duka alipohadithiwa alicheka sana. "Kuku ni mali ya mtu," alisema. "Hao waliona kitu ambacho mwenye picha hakujua kuwa amekipiga. Sasa nani asiyejua kutazama?" Neno hilo si la kupuuzwa, na ndiyo njia yake ya kupima senema zote.

Ya kwanza ilikuwa Nairobi Half Life, ya mwaka wa 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga. Ni habari za kijana Mwas, mchuuzi wa senema kijijini, ambaye huwaigizia wateja vipande vya picha za Kimarekani ili wanunue. Aenda Nairobi kutafuta kazi ya uigizaji. Anyang'anywa vitu vyake, atiwa ndani, na mwishowe aingia katika kundi la wezi huku akipata nafasi katika mchezo wa jukwaani. Joseph Wairimu, aliyecheza kama Mwas, alipata tuzo ya mwigizaji bora mjini Durban mwaka huo huo. Mwenye duka alikubali kwamba kijana huyo aliistahili. Lakini aliwatoa wajukuu sebuleni kabla ya nusu, kwa sababu ya damu na matusi, na baada ya hapo hakuwa na mengi ya kusema ila kwamba kila familia ya Ukambani inamfahamu kijana aliyepanda basi namna ile.

Ya pili, Supa Modo ya mwaka wa 2018, kazi ya Likarion Wainaina, wajukuu waliitazama hadi mwisho. Yahusu mtoto wa kike, Jo, mgonjwa asiyetarajiwa kupona, apendaye senema za mashujaa warukao angani. Kijiji kizima chashirikiana kumtengenezea senema ambayo shujaa wake ni yeye mwenyewe. Hapa mwenye duka na mkewe waligawanyika. Yeye aliona si haki kumdanganya mtoto kwamba ana nguvu za ajabu. Mkewe alimjibu kwamba wale hawakumdanganya, walimpa kazi ya kufanya katika siku zilizobaki. Mama huyo amewahi kuuguza, na mumewe hakuendelea kubishana.

Picha ya tatu ni fupi, haifiki nusu saa. Ni Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya mwaka wa 2009. Yaonyesha siku zijazo, baada ya vita vilivyopiganwa kwa ajili ya maji, ambapo watu huishi wamefungiwa ndani na hunywa maji yaliyosafishwa kutoka katika jasho na mkojo wao wenyewe. Mwanamke mmoja, Asha, apata udongo wenye unyevu, atoroka kwenda kupanda mbegu jangwani. Wajukuu walichukizwa na habari ya mkojo. Babu yao hakuona ajabu kubwa: aliwakumbusha kwamba katika mito mikavu ya Kitui wanawake huchimba mchanga kwa saa nyingi ili wapate ndoo moja, na kwamba mtu ajuaye thamani ya ndoo hiyo ataielewa picha ile bila kufundishwa. Alilaumu jambo moja tu, yaani Asha kupanda mti mmoja peke yake bila mtu wa kuutunza. Pengine hapo alikosea, kwa kuwa picha haikukusudia kuwa somo la kilimo.

Ya nne ndiyo iliyowakesha. Jina lake ni Thank You for the Rain, yaani Ahsante kwa Mvua, ya mwaka wa 2017. Kisilu Musya, mkulima wa Kitui, alipewa kamera na Julia Dahr, mwanamke wa Norway, naye kwa muda wa miaka mitano akapiga picha za maisha yake mwenyewe: shamba, watoto, ukame, na tufani iliyoharibu nyumba yake. Aliwakusanya wakulima wenzake wapande miti na kubadili njia zao za ukulima, na mwishowe akafika Paris, kwenye mkutano mkubwa wa hali ya hewa wa mwezi wa Desemba, mwaka wa 2015.

Mwenye duka alifurahi mno kusikia Kikamba katika senema, tena si cha kuchekesha. Alifurahi pia kwamba kamera ilishikwa na mkulima, maana mgeni angepiga picha za ardhi kavu na ng'ombe waliokufa akaenda zake. Watu wa Kitui na Makueni hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba. Zikikosekana hizo, mwaka umekwisha. Alisema kwamba namna Kisilu anavyoyatazama mawingu haiwezi kuigizwa.

Ila safari ya Paris ilimwudhi. Aliuliza wale wakubwa waliosikiliza hotuba walimpa nini mtu huyu cha kurudi nacho. Mkewe naye aliuliza swali jingine: baba anaposafiri kuokoa nchi, nani abakiye na jembe? Ndani ya picha yenyewe mke wa Kisilu hafichi uchovu wake, kwa kuwa mzigo wa shamba na watoto umemwangukia. "Baba watoto," mama alisema, "huyu mama ndiye mwenye senema." Mume alisema pasipo safari hakuna mtu wa nje angejua shida ya Kitui. Mama alijibu kwamba shida ya Kitui haijaanza kujulikana leo, na kinachotakiwa kujulikana ni nani anayeibeba. Walizungumza hadi taa zikazimwa kwa majirani, wala hakuna aliyemshinda mwenzake.

Walikubaliana katika jambo moja, kwamba picha hiyo ionyeshwe shuleni na makanisani, Mutomo na Mwingi, Kibwezi na Wote, wakulima wenyewe wakiwapo, tena kabla ya mvua za Oktoba, wakati mtu bado anaweza kuchimba matuta. Kisha mama akaomba irudishwe nyuma kidogo, pale penye shamba, kwa kuwa hakuwahi kuona vizuri kama zilizopandwa ni kunde au ni pojo.