Upungufu wa Damu Miaka Mingi Baada ya Upasuaji wa Utumbo

Mgonjwa aliyekatwa kipande cha utumbo na kuunganishwa hajamaliza matibabu siku anaporuhusiwa kurudi nyumbani. Damu yake inaweza kuja kupungua baadaye, na jambo la kwanza la kuuliza ni kipande gani kiliondolewa. Madini ya chuma hufyonzwa zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba; vitamini B12 hufyonzwa mwishoni mwake, karibu na unapoungana na utumbo mpana. Kwa hiyo aliyekatwa utumbo mpana uliojisokota, ugonjwa unaojulikana sana kwa wapasuaji wa Afrika Mashariki, hapotezi B12 kwa sababu hiyo. Damu yake ikipungua wiki za mwanzo, chanzo huwa ni damu iliyopotea au maambukizi yanayouzuia mwili kutumia chuma chake. Homa ya matumbo ni habari nyingine. Bakteria wake hushambulia tezi za kinga zilizosongamana mwishoni mwa utumbo mwembamba, na hapo ndipo utumbo hutoboka. Mwaka 2012 madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha taarifa ya wagonjwa 104 wa aina hiyo. Wengi hushonwa tundu tu, na hao hawana cha kuhofia upande wa B12. Ninawasemea wale ambao ilibidi kipande chote kiondolewe.

Ugumu ni kwamba madhara hayaji mara moja. Ini huhifadhi B12 ya kutosha miaka mitatu hadi mitano. Mkulima wa hapa Gendabi, chini ya Mlima Hanang, aliyepasuliwa Haydom, hospitali inayohudumia ukanda huu tangu mwaka 1955, atapona kidonda, atalima, atavuna, na hakuna atakayeukumbuka utumbo wake atakapoanza kuchoka, kufa ganzi miguuni na kuyumba anapotembea gizani. Atakwenda zahanati apewe vidonge vya kuongeza damu, vyenye chuma na foliki asidi. Foliki inaweza kuipandisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika, na uharibifu huo ukikaa muda mrefu haurudi nyuma. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko weupe wa viganja.

Wapo watakaosema kwamba Wabarabaig na Wairaqw wa ukanda huu ni wafugaji, wanakunywa maziwa na kula nyama, hivyo B12 haiwezi kuwapungukia. Hoja hiyo ina nguvu kwa mtu mwenye utumbo mzima. Lakini mlango wa kuipokea ukishaondolewa, maziwa ya zizi zima hayatoshi, kwa kuwa kinachopenya kwa njia nyingine ni takribani asilimia moja tu ya B12 inayomezwa. Wengine watasema malaria na minyoo ya safura ndiyo hupunguza damu vijijini. Ni kweli, na vitafutwe kwanza. Hata hivyo, safura hunyonya chuma na kuzifanya chembe nyekundu kuwa ndogo, ilhali ukosefu wa B12 huzifanya kubwa. Vikikutana kwa mtu mmoja, wastani wa ukubwa huonekana wa kawaida na kipimo kikampotosha mpimaji. Mwinuko nao huficha tatizo. Chini ya Mlima Hanang, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mwili hutengeneza damu nyingi zaidi, na Shirika la Afya Duniani linataka kipimo cha himoglobini kirekebishwe. Mwanamume mwenye himoglobini ya gramu 13.2 kwa desilita ni mzima akiwa Dar es Salaam. Hapa amekwisha kupungukiwa.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba zahanati haina mashine ya kupima B12. Nalikubali, ila kwa wagonjwa hawa mashine si lazima. Aliyeondolewa sentimita 60 au zaidi za mwisho wa utumbo mwembamba tunajua kwamba atapungukiwa, kwa hiyo aanze kuchomwa sindano ya B12 kabla hajaugua, kisha aendelee kila baada ya miezi mitatu maisha yake yote. Aliyeondolewa pungufu ya hapo apimwe damu na kuulizwa kuhusu ganzi kila mwaka. Muuguzi wa Gendabi anaweza kuyafanya yote mawili, mradi karatasi ya ruhusa iseme ni sehemu gani ya utumbo iliyokatwa, ni sentimita ngapi, na sindano ya kwanza ichomwe lini. Daktari aliyeshika kisu anayajua yote hayo kabla hajatoka chumba cha upasuaji.