Joto linazoeleka, homa haizoeleki

Maneno tuliyosema, sisi wafanyakazi wa shirika tunaotembea na chama, katika mkutano wa wanachama na wafadhili hapa Shabunda



Tunaona wengine wako wanajipepea kwa karatasi ya mkutano. Hiyo njo habari yenyewe tuliyokuja kuisema. Tulipoandikisha familia zinazorudi kutoka Bukavu, tuliuliza juu ya shamba, nyumba, masomo ya watoto. Juu ya joto hatukuuliza kitu. Tulifikiri mtu anayerudi kwao hahitaji kufundishwa jua la kwao. Tulikosea.

Tuangalie kwanza hali yenyewe. Bukavu iko karibu mita 1500 juu ya bahari, na upepo wa ziwa Kivu unapita juu yake. Shabunda iko chini, karibu mita 600, kando ya mto Ulindi, na pori limetuzunguka pande zote. Kila ukishuka mita 1000, joto linaongezeka karibu digri 6. Kwa hiyo mtu anayetoka Kadutu akafika hapa, amepata digri 5 zaidi, usiku na mchana. Mkisikia hivyo mtasema, digri 5 ni kitu gani? Lakini kuko pia unyevu. Nguo inakaa kwenye kamba siku mbili na haikauki. Jasho nalo ni vilevile: linatoka, lakini halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Na tena, Ulaya joto ni majira, watu wanalihesabu kwa miezi na wanajua litapita. Hapa tuko karibu sana na mstari wa ikweta. Mvua inapungua kidogo mwezi wa 6 na wa 7, kisha inarudi, na joto liko palepale. Hakuna mwezi wa kungojea.

Wengi wenu mlikimbilia Bukavu katika vita ya 1996 na ya 1998, wengine mwaka wa 2011 na 2012. Mzee aliyeondoka kijana anasema, "Hii jua njo ilinizaa." Ni kweli. Lakini mwili unasahau. Na mtoto aliyezaliwa Bukavu hana hata cha kusahau: yeye amezoea kuvaa kikoti asubuhi akienda masomo.

Habari njema ni kwamba mwili unajifunza upya. Ndani ya wiki moja mpaka mbili, mtu akifanya kazi kidogo kidogo kila siku, anaanza kutoka jasho mapema zaidi, jasho lenyewe linapoteza chumvi kidogo, na moyo haupigi tena kwa nguvu vile. Lakini ni sharti apewe hizo wiki mbili. Nasi hatukuzitoa. Tuligawa majembe siku ya tatu, tukaita watu kwa kazi ya pamoja wakati jua limekwisha kupanda, na mzee mmoja akaanguka katikati ya shamba. Tulimbeba mpaka kivulini, tukamlowesha maji, tukampepea, akafumbua macho. Wenyeji waliobaki hapa miaka yote walikuwa wamekwisha kurudi nyumbani. Wao wanaingia shambani kabla ya jua, na jua likifika kichwani wako kivulini, wanasuka ao wanatwanga. Sisi tuliosoma tulikuwa tumewaita wavivu.

Sasa tuseme jambo lililotuleta hapa.

Mama mmoja alirudi na watoto wanne. Siku ya kumi, mdogo wao, mwenye miaka mitatu, mwili ukawa moto, akakataa kula. Mama alikuja kutuuliza. Tulimwambia, "Ni joto tu, mama, mtazoea." Alituamini. Alimwogesha mtoto, akampepea, akangoja. Siku ya nne mtoto akashikwa na degedege. Kwenye kituo cha afya walimtoboa kidole, kipimo kikaonyesha malaria, na damu ilikuwa imepungua sana. Baba mdogo wake alitoa damu usiku uleule. Mtoto alipona, na leo anakimbia hapa nje. Lakini zile siku zilizopotea, ni neno letu lililozipoteza. Mama hakuwa na kosa. Tuliomba msamaha kwake na kwa familia, na leo tunarudia mbele yenu.

Mjue sababu. Mtu anayeishi mahali pa mbu wengi anaugua mara nyingi tangu utoto, na mwili wake unapata kinga kidogo. Si kinga kamili, lakini inapunguza ukali. Akienda kukaa miaka kwenye baridi ya milimani, ile kinga inapungua. Malaria iko Bukavu pia, lakini hapa pa chini mbu wako wengi zaidi. Ndiyo maana mtu anayerudi ni kama mgeni mbele ya ugonjwa wa kwao, na wa kwanza kuumia ni watoto wadogo na wamama wenye mimba.

Basi tushike hivi. Joto la hewa linachosha, linatoa jasho, linaleta vipele. Ukikaa kivulini na kunywa maji, unapata nafuu. Mtoto akiwa moto hata usiku, hata baada ya kivuli na maji, ao akitetemeka, akitapika, akilegea, msiseme "atazoea". Mpelekeni apimwe siku ileile. Na mtu mzima aliyefanya kazi juani, akianza kusema maneno yasiyoeleweka ao akaanguka, hiyo ni hatari kubwa: kivuli, maji mwilini, pepea, na safari ya kituo cha afya bila kungoja.

Ya maji ni mafupi. Mnywe kabla ya kiu. Aliyetoka jasho jingi ao anayeharisha, mchanganyieni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, visijae kupita kipimo. Kasiksi na lotoko si maji, wababa mnatusikia.

Juu ya nyumba, hatusemi muache manjanja. Tunajua heshima yake, na tunajua mvua ya hapa. Lakini nyumba fupi ya manjanja, isiyo na plafoni, mchana ni chungu kwenye moto. Inueni kuta, acheni nafasi chini ya paa hewa ipite, wekeni plafoni ya matete, na barza ya nje muiezeke kwa majani kama wazee walivyofanya. Waulizeni waliobaki. Wakiwacheka kidogo, "hawa watu ya Bukavu wanaogopa jua", chekeni nao, kisha muulize tena.

Ndugu wafadhili, na ninyi wanachama mnaolipa mchango wa kila mwezi, tunaomba mambo matatu kutoka sanduku letu. La kwanza, pahali pa blangeti nzito tulizokuwa tunagawa, kila kitanda kipate chandarua, na kila familia bidoni ya maji yenye kifuniko, tangu siku ya kufika. La pili, chakula cha wiki mbili kwa kila familia mpya. Wengine wanasema hiyo ni kuwazoeza watu kuomba. Hapana. Mtu mwenye njaa hawezi kuchagua saa ya kulima. Atalima jua likiwa kichwani, na ataanguka. La tatu halina bei: kila familia inayorudi ipewe familia moja ya hapa kuwa jirani wake, wa kumuonyesha kisima, njia ya kituo cha afya, na saa ya kwenda shambani.

Yule mama tuliyemdanganya bila kujua ameomba kuwa jirani wa kwanza. Alisema, "Akikuja mwingine na mtoto ya moto, mimi njo nitamupeleka, sitauliza mutu." Tumeandika jina lake juu kabisa ya orodha. Tunangoja yenu.