Chuma au Plastiki: Kielekezi cha Seremala katika Joto la Texas

Katika maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi mjini Houston, na vivyo hivyo Dallas na Fort Worth, kinauzwa kifaa kidogo ambacho seremala aliyejifunza kazi yake Bukavu, Kigoma au Mombasa huenda akakitazama kwa mashaka. Hakina injini wala makali. Ni kipande cha plastiki au cha aluminiamu, kinachoweza kuenea kiganjani, chenye matundu mawili yaliyolala mshazari. Kazi yake ni kuiongoza biti ya drili iingie kwenye uso wa ubao kwa pembe ya nyuzi 15 hivi, karibu na mwisho wa ubao huo, na kuelekea kwenye ncha yake, ili skrubu ipite humo na kuushika ubao wa pili. Wamarekani huliita tundu hilo mfuko, kwa kuwa kichwa cha skrubu huzama ndani yake kama mkono unavyozama mfukoni. Kifaa chenyewe, kwa ajili ya mazungumzo haya, kitaitwa kielekezi.

Anayetaka kukinunua hukumbana mara moja na swali ambalo maseremala wa Texas, kama wenzao kwingineko, hawachoki kubishana juu yake: cha chuma au cha plastiki? Kwa mwenye karakana yake, aliyekwisha kujitosheleza kwa zana, huo unaweza kuwa ushabiki tu, kama ule wa timu za mpira. Lakini Texas kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyowapokea wakimbizi wengi zaidi nchini Marekani, na katika mwaka wa fedha wa 2016 Wakongo ndio walioongoza kwa idadi miongoni mwa wakimbizi wote walioingia nchini humo. Wengi walitoka kambi za Nyarugusu nchini Tanzania, Kakuma nchini Kenya na Nakivale nchini Uganda, na Houston, Dallas na Fort Worth zikawa baadhi ya makao yao mapya. Kwa mtu wa namna hiyo, anayefanya kazi ghalani siku za juma na kutengeneza makabati Jumamosi na Jumapili ili kuongeza kipato, tofauti ya bei kati ya kielekezi cha plastiki na kile cha chuma kizito inaweza kuwa ndiyo fedha yote ya skrubu, gundi na klempu.

Huko alikotoka, kiungo cha heshima ni kile cha tundu na ulimi, kinachochongwa kwa patasi na kukazwa kwa gundi. Hapana shaka kiungo hicho bado hakina mpinzani kwa kiti kitakachokaliwa kwa miaka thelathini. Hata hivyo, soko la makabati ya jikoni nchini Marekani halimngojei mwenye patasi. Fremu ya mbele ya kabati inatakiwa iungwe kwa dakika chache, na pasionekane tundu la msumari upande wa mbele.

Hitaji hilo ndilo lililomsukuma Craig Sommerfeld, fundi wa kutengeneza zana na kalibu za viwandani katika jimbo la Iowa, mnamo mwaka 1986, alipokuwa akijitengenezea makabati ya nyumbani kwake. Alibuni kielekezi cha tundu moja, kwa aluminiamu na chuma. Kampuni aliyoianzisha baadaye, Kreg, ilihama katika vielekezi vyake vingi kutoka aluminiamu hadi nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, na hapo wengi wakanung'unika kwamba ubora umetupwa kwa ajili ya faida.

Manung'uniko hayo yana ukweli kiasi gani? Jibu limo ndani ya lile tundu la mshazari. Ukichungulia katika kielekezi kizuri cha plastiki utaona mwanzi unaong'aa. Hiyo ni bushi ya feleji iliyotiwa ugumu kwa moto, na hiyo ndiyo inayoishika biti inapozunguka. Plastiki iliyoizunguka kazi yake ni kuibeba tu. Ukichungulia katika kile cha aluminiamu utakuta bushi ya namna ile ile, na kwa sababu ile ile: aluminiamu ni laini mno kuhimili makali ya biti, na bila bushi tundu lake lingepanuka siku hadi siku mpaka skrubu zianze kutokea pasipotakiwa. Kwa hiyo fundi aliyeshika kielekezi cha chuma na jirani yake aliyeshika cha plastiki, iwapo vyote viwili vimetengenezwa vizuri, wanatoboa wote wawili kupitia feleji.

Kuna hoja ya joto, na Texas si mahali pa kuipuuza. Dallas na Fort Worth zilifikia nyuzi 45 za Selsiasi mwezi Juni mwaka 1980, na Houston imegusa nyuzi 43 katika miaka ya 2000, 2011 na 2023. Ndani ya gari lililoegeshwa juani joto linaweza kupita nyuzi 60. Je, plastiki haitapinda? Nailoni yenye nyuzi za kioo huyeyuka katika joto linalozidi nyuzi 200, kwa hiyo gari haliwezi kuiyeyusha. Ama kuhusu kutanuka, hesabu yake ni nyepesi. Kipande cha aluminiamu chenye urefu wa milimita 100, kikipata joto kutoka nyuzi 20 hadi 60, hurefuka kwa takriban sehemu 9 za mia za milimita. Nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo hurefuka kwa kiasi kinachokaribiana na hicho au kuzidi, kutegemea jinsi nyuzi zilivyolala. Plastiki isiyo na nyuzi hizo hutanuka mara kadhaa zaidi, na hiyo ndiyo ya kuogopwa katika vielekezi vya bei ya kutupa.

Sasa linganisha na ubao wenyewe. Ubao wa mwaloni mwekundu wenye upana wa milimita 300, uliopasuliwa kwa namna ya kawaida, unyevu wake ukibadilika kwa asilimia 4 tu, upana hubadilika kwa karibu milimita 4. Mabadiliko ya kiasi hicho si ajabu kwa mbao zilizokaa katika banda la gari mjini Houston, penye hewa nzito ya Ghuba ya Mexico, kisha zikaingizwa katika nyumba iliyokaushwa na kiyoyozi. Anayebishana kuhusu mwili wa kielekezi anabishania sehemu za mia za milimita, huku ubao alioubeba begani ukienda na kurudi kwa milimita nzima nzima. Ndiyo maana meza nyingi za wanaoanza hupasuka: uso wa meza umefungwa na skrubu za mshazari pande zote, mbao zikanyimwa nafasi ya kupumua.

Hapa, kwa njia, Texas ina zawadi yake kwa fundi mvumilivu. Mti wa mesquite, unaoota ovyo katika malisho ya jimbo hilo, husinyaa na kutanuka kidogo sana kuliko mwaloni. Waliowahi kuishi Kakuma au Baringo wanamjua ndugu yake wa karibu kwa jina la mathenge, mti unaolaaniwa kwa miiba na kwa kumeza malisho. Ubao wa mesquite ni mgumu. Unataka skrubu yenye hesi za karibu karibu, ilhali msonobari unataka zenye hesi za mbali mbali.

Unyevu wa Houston una historia yake ya huzuni pia. Kimbunga Harvey, mwezi Agosti mwaka 2017, kilifurikisha zaidi ya nyumba 150,000 katika kaunti ya Harris pekee, na baridi kali ya Februari 2021 ilipasua mabomba ya maji katika nyumba za Dallas na Houston kwa pamoja. Mara zote mbili kazi ya makabati iliongezeka ghafla, kwani yale yaliyoundwa kwa mbao za chembechembe zilizogandishwa kwa gundi huvimba yakilowa, na hayarudi hali yake. Katika mbao kama hizo skrubu ya mshazari nayo hushika kwa shida. Mteja aliyekwisha kupoteza jiko mara moja ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajalipa.

Chuma kina nafasi yake, na kukikataa kabisa kungekuwa upofu wa upande wa pili. Karakana inayotoboa mamia ya matundu kwa siku inahitaji mwili usiochoka, bamba lisilolegea, na klempu iliyofungwa humo humo. Kielekezi kizito hutulia juu ya meza, na kile cha plastiki kikianguka kwenye sakafu ya zege kinaweza kupata ufa usioonekana. Cha aluminiamu kikianguka hubonyea, na ubonyevu huo unaonekana. Aidha, palipo na bushi zilizobanwa vibaya ndani ya plastiki duni, joto la biti huzilegeza mapema. Hayo ni malalamiko halali. Lakini kwa mtu wa makabati mawili kwa mwezi, chombo cha plastiki chenye bushi nzuri kinatosha kabisa, na fedha iliyobaki inunue klempu ya pili.

Makosa yanayoharibu kazi za wageni hutokea kwingine. Biti ya mifuko ina pete inayozuia kina, na pete hiyo hupangwa kulingana na unene wa ubao. Ubao unaouzwa Marekani kwa jina la inchi 1 kwa kweli una unene wa robo tatu ya inchi, yaani milimita 19, na ile inayoitwa mbili kwa nne ina milimita 38 kwa 89. Aliyezoea mbao za msumeno za Afrika Mashariki, ambapo jina na kipimo hukaribiana, akiweka pete kwa jina badala ya kwa rula, atatoboa ubao mpaka upande wa pili. Ubao wa milimita 19 unataka skrubu ya inchi moja na robo, kama milimita 32.

Katika banda la gari la Houston bushi na biti zote mbili hushika kutu zikiachwa wazi. Tone la mafuta ya mashine na kitambaa kikavu, jioni baada ya kazi, huziokoa, uwe mwili wa kielekezi ni wa nini. Na dukani, kabla ya kulipa, omba pakiti ifunguliwe, ingiza biti katika bushi na uitikise taratibu kwa vidole: ikicheza, rudisha rafuni.